Sura ya Tano: Kipindi Kisicho na Mtihani

Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kufundisha stadi za maisha shuleni, likataja stadi kumi. Kufanya uamuzi, kutatua matatizo, kufikiri kwa ubunifu, kufikiri kwa kina, kuwasiliana, kuishi na watu, kujitambua, kuyaonea uchungu ya mwenzio. Mwishoni kabisa zikawekwa mbili ambazo sura hii inazihusu: kukabiliana na mihemko na kukabiliana na msongo. Kwetu mwongozo huo ulifika wakati wa vita dhidi ya UKIMWI. Fedha zilikuwa huko na vifo vilikuwa huko, kwa hiyo kwa miaka mingi kijana akiambiwa “stadi za maisha” alijua anaenda kufundishwa namna ya kumkatalia mtu anayemtaka kimapenzi. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima. Ila zile mbili za mwisho zilibaki mwisho.

Kenya iliziingiza stadi za maisha kwenye ratiba mwaka 2008, kipindi kimoja kwa wiki, bila mtihani. Aliyewahi kukaa kwenye chumba cha walimu anajua hatima ya kipindi kisichotahiniwa. Muhula wa mwisho ukifika, mwalimu wa Hisabati anakiomba, na hakirudi. Kisipoombwa, kinaandikwa ubaoni: njia za kukabiliana na msongo wa mawazo ni, moja, kufanya mazoezi, mbili, kusikiliza muziki, tatu, kuongea na mtu unayemwamini. Wanafunzi wananakili, kengele inalia. Aliyeingia tumbo linamsokota kwa sababu baada ya mapumziko ataitwa kusoma mbele ya wenzake, anatoka na tumbo lile lile, ila daftari limeongezeka mistari mitatu.

Sizibezi njia hizo tatu. Zote ni za kweli. Ila kuutuliza moyo ni kazi ya mwili, na mwili haujifunzi kwa kunakili. Hakuna mzazi wa Pemba anayemfundisha mwanawe kuogelea kwa kumwandikia hatua kwenye karatasi. Anamwingiza kwenye maji ya magoti, anamshika tumbo, anamwachia kidogo, anamshika tena, na kesho yake wanarudi.

Tuchukue mfano ambao mwalimu yeyote wa sekondari Tanzania ataukubali. Binti amemaliza darasa la saba katika shule ya umma, amesoma kwa Kiswahili, alikuwa wa kwanza au wa pili kila muhula. Januari anaingia kidato cha kwanza, na kwa wiki chache masomo yote, ukiacha Kiswahili, yanageuka Kiingereza. Yule aliyekuwa akinyoosha mkono kabla swali halijaisha sasa anaangalia dawati. Siku moja anaitwa kusoma aya ya Baiolojia, anatamka neno vibaya, nyuma wanacheka. Hilo tu. Kuanzia hapo siku za Baiolojia huanza hivi.

“Mama, leo sijisikii vizuri. Tumbo.”

“Tena? Juzi si lilikuwa hilo hilo?”

“Linauma kweli, mama.”

Mama anamgusa paji la uso, anamtazama macho. “Haya, pumzika mwanangu. Nitampigia mwalimu.”

Saa nne tumbo limepona, na mama anaanza kushuku kwamba ameongopewa. Hakuongopewa. Mtu akihisi hatari, mwili humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa na tumbo huachwa lijitegemee. Ndiyo maana husokota, hukata, hata kuharisha. Mwili hautofautishi sana kati ya chui na aya ya Baiolojia. Baba anayesema “hakuna ugonjwa hapo” amekosea kama mama anayetafuta dawa ya minyoo.

Lililo muhimu zaidi ni kilichotokea pale mama aliposema “haya, pumzika”. Binti alipata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ni mwalimu mkali kuliko wote. Imemfundisha mambo mawili kwa mpigo: kwamba darasani kweli kulikuwa na hatari, na kwamba kilichomwokoa ni kukwepa. Kesho kutwa hofu itakuja mapema zaidi, pengine tangu jioni, na itadai zaidi. Wasiwasi unaodumu kwa kijana kwa kawaida unalishwa hivi, kwa upendo wa watu wa nyumbani. Na wale wasio na upole wa mama huyu, wanaosema “acha uoga, mbona sisi tulisomea kibatari?”, nao hawamsaidii. Wao humsukuma kijana kwenye kina kirefu siku ya kwanza. Akirudi amechekwa tena, hofu imepata ushahidi.

Njia ya katikati ilionekana mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika habari za mtoto aliyemwita Peter, karibu miaka mitatu, aliyeogopa sungura. Jones hakumhubiria kwamba sungura hana ubaya. Alimkalisha mtoto ale chakula anachokipenda, na sungura akawekwa mbali, ndani ya tundu. Siku nyingine tundu likasogezwa karibu kidogo. Baadaye sungura akatolewa nje ya tundu. Mwishowe Peter alikuwa akimpapasa na kumwachia amtafune-tafune vidole. Kuna jambo moja ambalo wanaoisimulia habari hii hulisahau: Jones aliwaingiza chumbani watoto wengine wasioogopa sungura, wacheze naye huku Peter anatazama. Shikilia hapo, tutalihitaji.

Kwa binti wetu, ngazi ya kuikaribia hofu hatua kwa hatua hutengenezwa na yeye mwenyewe, mtu mzima akiwa ameshika kalamu tu. Anaulizwa: kati ya sifuri na kumi, kusoma mbele ya darasa zima kunakuogopesha kiasi gani? Tisa. Kusoma chumbani peke yako kwa sauti? Moja. Kumsomea mdogo wako ambaye hajui Kiingereza hata kidogo? Mbili. Kumsomea rafiki unayekaa naye dawati moja, wakati wa mapumziko? Nne. Kusoma sentensi moja tu darasani, uliyoambiwa tangu jana kwamba ni yako? Sita. Hapo anahitajika mwalimu mwenye busara, kwa sababu nyumbani hakuna darasa. Mwalimu akikubali kumpa sentensi siku moja kabla, na akikubali kwamba wiki hiyo hatamwita kwa kushtukiza, amefanya kazi kubwa kuliko semina nzima ya unasihi, na haijamgharimu hata dakika tano.

Kila kidato cha ngazi hiyo kina masharti yake. La kwanza ni kubaki. Akianza kumsomea rafiki na moyo ukapanda hadi tano, haachi. Anaendelea mpaka ushuke, na utashuka, kwa sababu mwili hauwezi kukaa juu muda wote. La pili, na mimi naliona ndilo linalofundisha zaidi, ni kuandika utabiri kabla ya tendo. “Wote watanicheka.” Baada ya kusoma anaandika kilichotokea: wamecheka wawili, mmoja ni yule yule wa siku zote, na mwalimu amesema endelea. Karatasi hiyo haimwambii kwamba watu hawacheki. Inamwambia kwamba alichekwa na akamaliza sentensi.

Kijana asiyejua lolote la kufanya moyo unapopanda hawezi kubaki, ndiyo sababu stadi za kupoza mwili hufundishwa pamoja na ngazi. Ni chache na ni za kawaida mno, kiasi kwamba vijana huona aibu kuzichukua kwa uzito. Kuvuta pumzi taratibu kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita au nane: pumzi inapotoka, mapigo ya moyo hupungua, na kuirefusha ni kutumia breki ambazo mtu amezaliwa nazo. Maji ya baridi usoni, hasa kuzunguka macho, nayo hupunguza mapigo ya moyo kwa muda. Mnyama yeyote mwenye mapafu anayezama majini hufanyiwa hivyo na mwili wake. Hili si geni kwa watu wa pwani. Mapokeo ya Kiislamu humwelekeza mwenye hasira aketi kama amesimama, ajilaze kama ameketi, na atawadhe. Bibi aliyemwambia mjukuu “hebu kwanza kanawe uso” hakuhitaji maabara.

Kisha kuna kuitaja hisia kwa jina lake. Matthew Lieberman na wenzake wa chuo kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha mwaka 2007 kwamba mtu akiitaja kwa neno hisia anayoiona usoni mwa mtu pichani, amigdala, ile sehemu ya ubongo inayoshughulika na tishio, hupunguza kazi yake. Vijana wetu wengi wanajua kusema mawili: “niko poa” na “nimevurugwa”. Kati ya hayo mawili kuna aibu, wivu, upweke, hofu ya kesho, uchungu wa kuonewa, na kila moja inataka dawa yake. Mwenye aibu akidhani ana hasira, atapigana.

Aliyezikusanya stadi za namna hii na kuzipa mpangilio ni Marsha Linehan, mzaliwa wa Tulsa, Oklahoma. Akiwa na miaka 17, mwaka 1961, alilazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili huko Hartford, Connecticut, binti anayejichoma na kujikata, akifungiwa peke yake chumbani. Alitoka, akasoma, akawa profesa Seattle, na mwaka 1993 akachapisha vitabu vya tiba ya watu wanaoishi kwenye ukingo wa kujiua, sehemu yake kubwa ikiwa ni masomo ya stadi: kuvumilia dhiki bila kuizidisha, kutenda kinyume na msukumo wa hisia, kuomba unachotaka bila kuvunja uhusiano. Habari zake mwenyewe alizitoa hadharani mwaka 2011 tu, na alizitolea katika hospitali ile ile. Wenzake wawili wa New York, Alec Miller na Jill Rathus, walipoipeleka tiba hiyo kwa vijana balehe walifanya badiliko moja lililonifanya niwaandike hapa: mzazi naye anakuja darasani, anakaa kando ya mwanawe, anapewa kazi ya nyumbani ile ile.

Fikiria baba wa Kitanzania, mwenye cheo ofisini, anaandika kwenye daftari: “Jumanne nilikasirika kwa kiwango cha nane, nikataka kupiga kelele, nikaenda kunawa uso.” Ni vigumu. Lakini kijana anasoma mwili wa mzazi kabla hajasikia maneno yake. Baba anayefoka “tulia!” ametoa masomo mawili kwa wakati mmoja, na lile la sauti ndilo litakalobaki.

Msomaji atasema: basi tuwafundishe wanafunzi wote, shule zote, kuanzia Januari. Wenzetu walijaribu. Huko Sydney, Australia, watafiti walichukua stadi zitokanazo na tiba ya Linehan wakazifundisha darasani kwa wiki nane kwa vijana wasiochaguliwa kwa tatizo lolote, utafiti ukihusisha zaidi ya wanafunzi 1,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yaliwashtua: mara baada ya masomo, waliofundishwa walikuwa na dalili zaidi za wasiwasi na sonona kuliko wasiofundishwa, na uhusiano wao na wazazi ulikuwa umezorota. Mwaka mmoja kabla, Uingereza ilikuwa imemaliza jaribio kubwa la kufundisha utulivu wa fikra katika shule 84, wanafunzi zaidi ya 8,000. Halikuwa na faida zaidi ya masomo ya kawaida ya malezi. Katika majaribio yote mawili wanafunzi wengi hawakufanya mazoezi nyumbani, na kule Sydney waliofanya zaidi ndio walioonyesha nafuu zaidi.

Watu hulisoma jambo hili kwa namna mbili, na zote mbili sizikubali. Wapo wanaosema kumbe kuzungumza hisia kunawaharibu watoto, turudi kwenye kiboko. Wapo wanaosema walimu hawakupewa mafunzo ya kutosha, waongezewe semina. Mimi naona somo la hisia liliwafikia vijana kama masomo mengine: mtu mzima mbele, karatasi mikononi, wote pamoja, mwenye shida na asiye nayo. Asiye na shida alifundishwa kujichunguza asubuhi na jioni hadi akapata la kuchunguza. Mwenye shida alifunuliwa kidonda mbele ya wanaomcheka.

Sasa turudi kwa wale watoto wasioogopa sungura. Nchini Kenya, kijana aitwaye Tom Osborn, aliyekulia eneo la mashamba ya miwa la Awendo kabla ya kwenda kusoma Harvard, alianzisha na wenzake mpango wa Shamiri. Waliokabidhiwa vikundi hawakuwa madaktari wala walimu. Walikuwa vijana waliomaliza sekondari karibuni, waliofundishwa kwa muda mfupi. Wanafunzi waliingia kwenye vikundi vidogo, saa moja kwa wiki, wiki nne. Na hawakukaa kujadili ugonjwa. Walizungumza juu ya mtu anavyoweza kubadilika, juu ya shukrani, juu ya mambo wanayoyathamini na namna ya kuyaishi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 lilihusu wanafunzi 413 wa miaka 12 hadi 19, wote wakiwa tayari na dalili za wasiwasi au sonona. Nusu walipewa Shamiri, nusu wakapewa vipindi vya namna ya kujisomea. Makundi yote mawili yalipata nafuu, jambo ambalo peke yake linafundisha. La Shamiri lilipata zaidi.

Kwa nini wiki nne za vijana wa Nairobi na Kiambu zifue dafu pale ambapo wiki nane za wataalamu wa Sydney zilikwama? Sababu ni kadhaa. Walichaguliwa wenye uhitaji. Vikundi vilikuwa vidogo. Lakini kwangu kubwa ni huyo aliyekaa mbele yao. Aliwahi kuvaa sare, aliwahi kungoja matokeo ya mtihani wa taifa usiku mzima, na yuko hai, anacheka, anazungumza Sheng. Kaka wa miaka ishirini anayesema “mimi nilikuwa natetemeka hadi kalamu inaanguka, nilifanya hivi” anasikilizwa na watoto ambao wangemsinzilia profesa. Kila kata ina vijana wa aina hiyo waliomaliza kidato cha sita na wanasubiri chuo. Wanakaa vijiweni.

Yapo mambo ambayo ngazi na pumzi hazipaswi kuyagusa. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka na hawakuweza kuacha. Kicheko kilichanganyika na kilio na kuhangaika, kikaenea. Hadi shule inafungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Wengine kwa saa chache, wengine hadi siku 16. Waliporudi nyumbani kikaingia vijijini. Madaktari Rankin na Philip, walioandika taarifa yake mwaka 1963, hawakupata sumu wala kijidudu. Kuna kipengele kimoja katika taarifa hiyo ambacho kila mkuu wa shule angepaswa kukisoma: hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa. Walipumua hewa ile ile. Kilichowatofautisha na wasichana ni nafasi yao ndani ya shule.

Mpaka leo shule zetu za bweni za wasichana huanguka kwa zamu, mara miguu imekufa ganzi, mara mashetani yamepanda. Huitwa mashehe na wachungaji, geti hufungwa, wazazi huja na mabasi. Kuwatenganisha kwa upole walioanguka na umati wa watazamaji husaidia, kwa kuwa hali hii huenea kwa macho. Lakini baada ya hapo lazima mtu aketi na wasichana, bila mwalimu wa nidhamu mlangoni, awaulize: nani anawapiga? Chakula kikoje? Usiku nani anaingia bwenini? Hofu nyingine ni taarifa sahihi. Binti anayetetemeka mwalimu fulani akimwita ofisini hahitaji kufundishwa kupumua. Mwalimu huyo ndiye anayehitaji kufikishwa panapostahili. Anayeshindwa kulala kwa sababu ada haijalipwa na mhasibu anasoma majina mstarini anaweza kusaidiwa kidogo na stadi, na kusaidiwa zaidi na shule ikiacha kusoma majina mstarini.

Na ipo hofu inayozidi uwezo wa nyumbani na wa kaka wa kijiweni. Kijana aliyeacha kabisa kwenda shule kwa wiki kadhaa, asiyekula, asiyelala, anayejikata au anayegawa vitu vyake na kusema mtapumzika bila mimi, huyo hawekwi kwenye ngazi ya mtu yeyote. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, ondoa dawa za mifugo, za shamba na vidonge vilivyo karibu, kisha mpeleke hospitali. Wengi huchelewa kwa sababu wakisikia afya ya akili wanaona mageti ya hospitali za magonjwa ya akili za Mirembe au Mathari. Anza na hospitali ya wilaya au ya mkoa, dirisha lile lile analoandikishia mwenye malaria. Ukifika kwa daktari usiseme “ana mawazo tu”. Sema ameanza lini, anakula nini, analala saa ngapi, ametamka maneno gani. Na mwombe kijana mwenyewe aongee, wewe ukiwa umetoka nje kwa dakika kumi.